Je, Wajua? Siku 63 za Mbwa Mdogo Mwenye Mimba

Je, wajua kwamba Chihuahua wa kilo 2 na Great Dane mkubwa kama ndama hubeba mimba kwa muda uleule? Ni siku 63 hivi tangu yai litoke. Binadamu miezi tisa, ng'ombe miezi tisa, mbwa miwili na siku chache tu!

Lakini ukihesabu tangu siku aliyopandwa, kalenda itakuchezea. Anaweza kuzaa siku ya 58, anaweza kungoja hadi ya 70. Yai la mbwa hutoka likiwa changa, likakaa siku 2 au 3 kabla ya kupevuka, na mbegu za dume zinaweza kuishi ndani ya jike karibu wiki nzima zikilisubiri!

Kwa hiyo sikia hii: watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba wawili, hata watatu. Umeshampata dume uliyemtaka? Lango lifungwe bado, maana dume wa jirani naye ana nafasi yake.

Na Basenji je, mbwa mdogo wa Kongo asiyebweka? Majike wengi wa mbwa huingia kwenye joto mara mbili kwa mwaka. Yeye mara moja tu!

Usipoteze pesa yako kununua kipimo cha mimba cha mkojo pale duka la dawa. Kinatafuta homoni ambayo mbwa hana kabisa. Yake inaitwa rilaksini, na daktari wa mifugo huikuta kwenye damu kuanzia siku ya 28 hivi.

Sasa kaa vizuri, maana hili ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Mbwa anaweza kuvimba chuchu, kutoa maziwa, kujitandikia kitanda kwa matambara na kulinda kiatu cha mtoto wako kwa meno akidhani ni mwanawe, na tumboni hamna kitu! Baada ya joto, homoni ya projesteroni hupanda na kukaa juu karibu miezi miwili, awe amebeba au hakubeba. Mwili wake mwenyewe umeamini. Wewe utajuaje kwa macho?

Utajua kwa altrasaundi. Kuanzia siku ya 25 hivi mioyo huonekana ikidunda, na ikishakua hupiga zaidi ya mara 200 kwa dakika! Ukitaka idadi ya watoto, subiri eksirei baada ya siku ya 55, mifupa ikiwa imekomaa. Daktari atahesabu vichwa na migongo.

Amesusa chakula wiki ya tatu au ya nne? Wengi hufanya hivyo siku chache, kisha hamu hurudi. Wiki tatu za mwisho mpe kidogo kidogo mara nyingi, maana watoto wameshabana tumbo. Akianza kunyonyesha, huenda akala mara 2 au hata 3 ya chakula chake cha kawaida!

Na kalsiamu? Hapa wenye huruma ndio huumiza. Ukimpa vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba, mwili husahau kuichota kwenye mifupa yake, na maziwa yakianza kutiririka damu huishiwa ghafla. Hiyo ndiyo homa ya maziwa, na mbwa wadogo ndio huipata zaidi, hasa wiki ya pili hadi ya nne baada ya kuzaa. Ukimwona anatetemeka, anahema na miguu imekakamaa, mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo. Usingoje asubuhi, nakusihi.

Kipimajoto cha bei ndogo ni mtabiri hodari. Joto la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Wiki ya mwisho mpime kila asubuhi na jioni. Likishuka chini ya 37.2, mara nyingi watoto wanafika ndani ya saa 24!

Je, wajua mtoto mmoja peke yake tumboni ni hatari kuliko watatu? Watoto ndio hupiga kengele ya uchungu kwa homoni zao, na mmoja anaweza kushindwa kuusikizisha mwili wa mama. Anabaki ndani akinenepa, na mwisho wake ni upasuaji.

Watoto 4 hivi katika kila 10 hutanguliza miguu ya nyuma. Kwa mbwa ni jambo la kawaida, tulia! Uchafu wa kijani kibichi nao ni rangi ya kondo la nyuma likiachia. Ukija baada ya mtoto wa kwanza, sawa. Ukija kabla yake, au mama akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, piga simu kwa daktari.

Mbwa mdogo huzaa mmoja hadi wanne hivi. Tia, mbwa mkubwa wa aina ya Neapolitan Mastiff huko Uingereza, alizaa 24 kwa mkupuo mmoja mwaka 2004!

Hata kwenye sayansi mbwa alitangulia, kisha akaisumbua. Karne ya 18 padri Lazzaro Spallanzani wa Italia alimtia jike mbegu kwa mrija, na siku 62 baadaye wakazaliwa watoto 3. Lakini mtoto wa mbwa aliyetungwa maabara nje ya tumbo hakuonekana hadi 2015, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Walizaliwa 7, miaka 37 baada ya binadamu wa kwanza wa aina hiyo!

Na watoto wa mbwa wako? Wamezaliwa vipofu, viziwi, na hata kukojoa hawawezi mpaka mama awalambe. Tena minyoo wanaweza kuwa nayo tayari, imepita kwenye kondo kabla hawajauona ulimwengu. Dawa yao ya kwanza ni wanapotimiza wiki mbili, siku zilezile macho yanapofunguka.