Mtoto wa Nakivale katika bweni la Mbarara

Kila Februari, muhula wa kwanza unapokaribia, masanduku ya bati na magodoro yaliyokunjwa huanza safari kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, kupitia Isingiro, hadi shule za bweni za Mbarara. Ni mwendo wa kiasi cha kilomita 60. Sandukuni mna chandarua, sabuni, rimu za karatasi na chochote kingine kilichomo kwenye orodha ya mahitaji. Mna fomu pia, na nitaanza na hiyo fomu, kwa sababu inafichua jinsi shule inavyomwona mzazi. Fomu nyingi huuliza jina la baba, jina la mama, kazi zao na namba ya simu, basi.

Nakivale ilianza mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia. Leo wamo pia Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Katika kaya nyingi za huko anayemlea mtoto si baba wala mama: ni shangazi, ni kaka mkubwa, ni jirani aliyevuka naye mpaka. Fomu isipokuwa na nafasi ya mtu huyu, shule imempoteza mlezi kabla mtoto hajapewa kitanda.

Wataalamu wa malezi ya tabia, akiwemo Mmarekani Thomas Lickona, aliyeandika sana juu ya jambo hili miaka ya 1990, husema tabia njema ina sehemu tatu: kuujua wema, kuutaka, na kuutenda hadi uwe mazoea. Shule ya bweni ina nguvu kubwa katika hiyo ya tatu. Kengele ya alfajiri, zamu ya kufagia, ibada, foleni ya chakula, masomo ya jioni, viranja: mtoto hurudia yale yale siku baada ya siku, na marudio hujenga mazoea.

Ila shule hizi zilirithi pia wazo la zamani kwamba mtoto huundwa vizuri zaidi akiwa mbali na kwao. Mbarara High School ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1911, Ntare School mwaka 1956, na kati ya hizo mbili, mwaka 1925, serikali ya Uingereza ilitoa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika iliyoyapa mafunzo ya dini na maadili nafasi ya juu kabisa. Bweni lilifaa sana kwa kazi hiyo. Watu wa Mbarara hupenda kukumbusha kwamba Paul Kagame, rais wa Rwanda, alipita Ntare na Fred Rwigyema, kamanda mwenzake wa vita, akapita Mbarara High School, wote wawili watoto waliokulia ukimbizini. Ni kweli, na ni fahari. Lakini mifano ya waliofika mbali haituelezi kitu kuhusu mamia ya wengine waliokalia madawati yale yale, wala kuhusu waliowalea.

Mtoto wa Nakivale hafiki bwenini akiwa mtupu. Chukua binti wa miaka 15 kutoka eneo la Juru. Nyumbani ndiye anayechota maji, anayewaogesha wadogo zake, anayekwenda na mama kwenye kituo cha afya kumtafsiria kwa mganga, na anayejua siku ya mgao wa chakula. Huyo tayari ana uwajibikaji ambao shule inasema inataka kuufundisha. Akifika bwenini anakuwa namba tu kwenye orodha ya usafi, chini ya kiranja ambaye pengine hajawahi kulea mtu. Hakuna aliyeuliza, hivyo hakuna anayejua.

Kutojua huku ndiko kunakozaa makosa ya tafsiri. Mtoto anayeficha mkate chini ya godoro huitwa mroho. Anayeomba simu ya matroni kila siku ya tatu huitwa msumbufu. Mvulana asiyejibu anapofokewa huitwa jeuri. Mlezi wake angeulizwa, huenda angesema kwamba wa kwanza ameona njaa, wa pili ameacha mama mgonjwa na watoto wanne, na wa tatu aliona watu wakifokewa kwa mtutu. Sisemi kila kosa lina maelezo ya huzuni. Wapo wanaoiba kwa sababu wanapenda vitu vya watu. Lakini mwalimu asiyeweza kumtofautisha huyo na aliyeona njaa hafundishi tabia, anatoa adhabu tu.

Adhabu yenyewe nayo ina jambo lake. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2016, imepiga marufuku viboko shuleni. Mara nyingi pengo lake limezibwa na kumrudisha mtoto nyumbani: nenda, ukamlete mzazi. Kwa familia inayoishi mjini Mbarara hiyo ni asubuhi moja ya usumbufu. Kwa familia ya Nakivale ni nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na habari za kosa humfikia mlezi kupitia mdomo wa mkosaji. Kwa maoni yangu, kwa watoto hawa hakuna chombo kibovu zaidi ya hicho.

Siku ya wazazi kutembelea ndiyo kipimo ambacho shule nyingi hutumia kujua nani anajali. Wengine hufika na kuku na soda. Wengine hawafiki kabisa. Tangu katikati ya mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipozigawa kaya za wakimbizi kwa viwango vya uhitaji na baadhi zikaondolewa kwenye mgao, nauli hiyo imekuwa chakula cha siku kadhaa. Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alitaja aina sita za ushiriki wa familia, na kufika shuleni ni sehemu ndogo tu: zimo mawasiliano, malezi ya nyumbani, kusaidia masomo, kushiriki maamuzi. Mfumo wake ulitokana na shule za Marekani ambako mtoto hulala kwao kila usiku, kwa hiyo hautufai ulivyo. Hata hivyo unatuonya tusichanganye nauli na upendo.

Upo pia ugumu wa lugha. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, na mlezi mwenye Kiswahili cha Bukavu au Uvira humpa mtoto amsomee. Mtuhumiwa ndiye mkalimani wa kesi yake! Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 uliufanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya mwanzo. Basi yupo, au anapaswa kuwepo, mwalimu wa Kiswahili katika kila shule. Huyo apewe simu amtafsirie mwalimu wa darasa. Kwa familia za Kisomali au za Kinyarwanda atafutwe mtu mzima mwingine, si mwanafunzi mwenzake mtoto.

Simu ya kwanza kwa mlezi ipigwe ndani ya wiki mbili za mwanzo, kabla ya kosa lolote, na iulize mambo matatu: mtoto huyu hufanya kazi gani nyumbani, humsikiliza nani, na akikosea mnafanyaje. Simu ya pili ipigwe amefanya jambo zuri. Viongozi wa kamati za ustawi wa wakimbizi wanaweza kusaidia kumpata mlezi aliyebadili namba, ila wasitumwe kupeleka habari za nidhamu wala deni la ada. Mtaa mzima utazijua kabla ya jioni.

Likizo nayo isisahauliwe. Baadhi ya watoto hurudi nyumbani na kupokewa kama wageni, wengine hurundikiwa kazi zote za miezi mitatu, na mazoea ya bweni hufa ndani ya wiki moja. Mtaala huo mpya unadai kazi za mradi. Ya likizo iwe shamba la mboga, hesabu za kibanda cha mama sokoni, au kumfundisha mdogo kusoma, na mlezi atoe tathmini yake kwa mdomo kwenye simu.

Watasema walimu hawana muda. Darasa la watoto 60, dakika kumi za simu kwa kila mmoja, ni saa kumi kwa muhula. Mwalimu wa darasa akipunguziwa zamu tano za kusimamia masomo ya jioni, za saa mbili mbili, saa hizo zimepatikana.