Walinzi Wasiovaa Sare

Mwaka 1896 mwanachuoni kijana aitwaye W. E. B. Du Bois, yuleyule ambaye miaka mingi baadaye aliitwa Ghana na Kwame Nkrumah akafia Accra mwaka 1963, alihamia pamoja na mkewe katika chumba kimoja cha Wadi ya Saba ya mji wa Philadelphia, akawa anabisha hodi nyumba kwa nyumba, karatasi mkononi, akiwauliza Weusi waliokaa humo habari za kazi zao, kodi zao, shule za watoto wao na mahali walikotoka. Wakubwa wa mji walikuwa na dhana kwamba Philadelphia imeharibika na kwamba jinai za Weusi ndizo zilizoiharibu. Yeye, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1899, hakuificha jinai wala hakuipunguza, ila aliifukua mizizi yake: utumwa ambao ulikuwa haujatimiza miaka arobaini tangu kukomeshwa, uhamaji wa ghafla kutoka mashamba ya kusini, na milango ya kazi iliyofungwa usoni pa kijana Mweusi hata alipokuwa na elimu ya kutosha. Alihitimisha kwa neno ambalo halikuwafurahisha wengi wa upande wowote, kwamba Weupe wana wajibu wa kufungua milango hiyo, na Weusi nao wana wajibu wa kuupiga vita uhalifu baina yao, na kwamba wajibu wa huyu haumwondolei yule wa kwake.

Nimeanza na habari hii ya kale kwa sababu msomaji wa kwetu aghalabu huijua mitaa ya Weusi wa Marekani kwa njia ya filamu na nyimbo, ambamo bastola ni nyingi na watu wazima hawaonekani kabisa. Watu wazima wapo, na tangu zamani wamekuwa wakifanya kazi ya kuilinda mitaa yao bila sare wala mshahara, mara nyingine wakifaulu kwa namna ya kushangaza na mara nyingine wakishindwa vibaya. Na mji wa Philadelphia, kwa kuwa umejaribu karibu kila njia, wafaa kuwa darasa.

Baada ya Du Bois, Weusi kwa maelfu waliendelea kuja kutoka kusini katika vita viwili vya dunia, wakapata kazi za viwandani, kisha katika miaka ya 1950 na 1960 viwanda hivyo vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, na wao hawakuweza kuvifuata vilikohamia, maana mabenki yalikuwa yamekwisha kuitia mitaa yao alama ya hatari na kuinyima mikopo ya nyumba. Vijana wasio na kazi wakajikusanya pembeni mwa njia, na kila kundi likajiita kwa jina la mtaa wake. Magenge hayo hayakupigania fedha, kwa kuwa fedha haikuwako. Yalipigania pembe ya barabara, heshima na kisasi cha juma lililopita, kwa visu na kwa bastola za kujitengenezea, na kila mwaka wavulana kwa makumi walizikwa. Kuita polisi nako kulikuwa na hofu yake. Frank Rizzo, aliyekuwa mkuu wa polisi tangu 1967 kisha meya kuanzia 1972, aliongoza jeshi lililosifika kwa marungu, hata mwaka 1979 Wizara ya Sheria ya Marekani ikaushtaki mji wenyewe kwa ukatili wa askari wake. Mama aliyesikia mlio wa bunduki usiku alikuwa na mambo mawili ya kuogopa, na la pili lilikuja na king'ora.

Katika hali hiyo, mwaka 1968, mwandishi mmoja wa habari aitwaye Falaka Fattah, aliyekuwa akitoa jarida lenye jina la Umoja, alimwomba mumewe David, ambaye ujanani mwake aliwahi kuwa mtu wa magenge, ende akachunguze kwa nini watoto wanauana. David alizunguka katika baa, kwenye meza za biliadi, mahospitalini na magerezani, akarudi na majibu ambayo hayakuwamo katika ripoti za serikali: kwamba genge kwa kijana ni aila, ndilo linalomlisha, linalomtetea na linalomlilia akifa. Alirudi pia na habari iliyokuwa nzito zaidi ndani ya nyumba yao, kwamba mmoja wa wana sita wa mkewe amekwisha kujiunga na genge la mtaa wa Clymer. Mzazi mwingine angemfungia mwanawe ndani au angemhamisha mji. Bibi huyu alifanya kinyume, akaliita genge zima lije likae kwake.

Wakaja vijana kumi na watano. Nyumba yenyewe ilikuwa mojawapo ya zile nyembamba za magharibi ya Philadelphia, zilizojengwa zikashikana ukuta kwa ukuta, na ili wageni wapate mahali pa kulala ilibidi samani zitolewe na watu walale sakafuni. Hapakuwa na ruzuku, hapakuwa na mtaalamu, wala hapakuwa na ahadi kubwa; waliambiwa tu kwamba watasaidiwa wawe hai na wawe nje ya gereza. Wenyeji wale walikuwa miongoni mwa Weusi ambao katika miaka ile, ndiyo miaka ya kuanzishwa kwa sikukuu yao ya Kwanzaa, walitafuta katika Afrika mfano wa jamaa kubwa ambamo mtoto ana baba wengi na mama wengi, na ndiyo sababu nyumba ilipewa jina lenye neno la Kiswahili, House of Umoja, yaani Nyumba ya Umoja. Asubuhi na mapema watu walikutana kuambiana kazi za siku. Mwenye kinyongo na mwenziwe alikitoa mbele ya wote katika baraza, akasikilizwa, akahukumiwa na rika lake. Aliyekuja na silaha aliiacha nje. Falaka aliitwa Dada, na umri ulipoongezeka wakamwita Mama Malkia.

Kwa kitambo Clymer walidhihakiwa na maadui zao. Kisha maadui wenyewe wakaanza kubisha hodi. Jambo ambalo polisi hawakuliweza, yaani kuwaweka viongozi wa magenge hasimu katika chumba kimoja, liliwezekana kwa Dada Falaka kwa sababu kila mmoja wao alijua kwamba mwenye nyumba hana faida yoyote katika ugomvi wao ila kutaka wasife. Mwaka 1974 Nyumba ya Umoja iliendesha kampeni ya kutaka mwaka mzima upite bila vita vya magenge, vijana wakatia sahihi mkataba wa amani, na kabla ya muongo ule kwisha mauaji ya magenge yalikuwa yamepungua sana mjini. Nyumba moja ikazaa nyingine katika mtaa uleule wa Frazier, na kwa miaka iliyofuata maelfu ya wavulana walipita humo. Kwa rai yangu hakuna katika historia yote hii jambo lililofanywa kwa gharama ndogo likaleta tija kubwa kama hilo, na hakuna lililo gumu zaidi kuigwa, kwa kuwa ni wangapi kati yetu walio tayari kutoa makochi sebuleni ili walale wana wa watu wenye damu mikononi?

Miaka ya 1980 ilileta kokeini ya kuvuta, na pamoja nayo fedha, na kwa fedha bastola za kweli. Hapo ndipo alipotokea Herman Wrice wa mtaa wa Mantua, mtu mkubwa wa umbo na wa sauti, ambaye mwaka 1988 aliwakusanya majirani zake wakavaa kofia ngumu nyeupe kama za wajenzi, wakachukua nyundo, misumari na mbao, wakaenda kusimama usiku mbele ya nyumba zilizogeuzwa vijiwe vya dawa za kulevya. Hawakumpiga mtu. Walisimama, wakapiga makelele, wakaimba, wakawatazama wanunuzi machoni hata wanunuzi wakaona haya na wauzaji wakakosa soko, kisha nyumba ilipobaki tupu wakaziba milango na madirisha yake kwa mbao. Waweza kusema kwamba muuzaji alihamia mtaa wa pili, na ni kweli mara nyingine alihamia. Lakini Wrice naye alikwenda mtaa wa pili, na mji wa pili, akifundisha wengine, hata akafariki mwaka 2000 akiwa Florida katika kazi hiyohiyo.

Si kila juhudi iliyozaa matunda. Mwezi wa Oktoba 2007, mji ukiwa katika msiba wa mauaji mengi, mkuu wa polisi wa wakati huo, Sylvester Johnson, ambaye mwenyewe ni Mweusi, pamoja na mwanamuziki Kenny Gamble, walitoa wito wa wanaume elfu kumi wajitokeze kuilinda mitaa. Wakajitokeza kweli, wakapanga foleni ndefu nje ya ukumbi wa Chuo Kikuu cha Temple, magazeti yakashangilia. Lakini ukumbi si mtaa. Hamasa ilipotua, watu wakahitaji kuelezwa zamu ni lini, pembe ni ipi, nani ataleta redio na nani atajibu simu saa nane za usiku, na maandalizi ya mambo hayo madogo yalikuwa hafifu, basi safu zikapungua mpaka mpango ukasahaulika. Dada Falaka alianza na watu kumi na watano akawa nao kila asubuhi.

Waliodumu ni wale ambao msiba uliwapata wenyewe. Bibi Dorothy Johnson-Speight alimpoteza mwanawe mwaka 2001, aliyepigwa risasi kwa ugomvi wa mahali pa kuegesha gari, na mwaka 2003 akaasisi chama cha kina mama waliofiwa, Mothers in Charge, ambao huwaendea wafiwa wapya wakakaa nao, na huingia magerezani kuzungumza na wanaume na wanawake waliotiwa hatiani. Kazi ya matanga hii ina faida ambayo mgeni hawezi kuiona upesi, kwa maana kisasi hupikwa nyumbani kwa marehemu, katika zile siku chache ambapo ndugu na marafiki wamekaa wakinong'onezana nani alifanya; mama aliyekwisha kuzika wake, akiketi baina yao, aweza kuwaambia maneno ambayo wasingeyapokea kwa mwingine.

Kwa mantiki iyo hiyo wamefanya kazi wasuluhishi wa mtindo ulioanzishwa Chicago na daktari Gary Slutkin, aliyewahi kupambana na kipindupindu kati ya wakimbizi wa Somalia katika miaka ya 1980, na ambaye aliporejea kwao alishikilia kwamba mauaji nayo huambukiza. Wasuluhishi hao, wengi wao watu waliokwisha kutumikia vifungo, huwahi kwenye ugomvi kabla ya risasi. Mpango huo uliletwa kaskazini ya Philadelphia mwaka 2011, na uchunguzi wa Temple ukaonyesha watu kupigwa risasi kumepungua. Ni kazi ya hatari tupu: katika Baltimore, baina ya Januari 2021 na Januari 2022, watatu wa kazi hii waliuawa.

Yuko pia mlinzi asiye na mdomo. Philadelphia ilikuwa na viwanja vitupu vipatavyo 40,000, mahali palipobomolewa nyumba pakaota magugu, matairi na magodoro mabovu, na watu wa mtaani walijua vizuri kwamba humo ndimo bastola hufichwa ili isikutwe mwilini. Chama cha bustani cha Pennsylvania, kilichoasisiwa mwaka 1827 kwa mapenzi ya maua, kilianza kuvisafisha viwanja hivyo, kupanda nyasi na miti michache na kuvizungushia uzio mfupi wa mbao wenye mwanya wa kupitia, na kazi ya kuvitunza wakapewa watu wa mitaa hiyohiyo, baadhi yao wakiwa wametoka kifungoni. Wataalamu wakiongozwa na Charles Branas walichagua kwa bahati nasibu viwanja 541, vingine vikatengenezwa na vingine vikaachwa, na matokeo waliyoyatangaza mwaka 2018 yakawa kwamba katika mitaa ya maskini zaidi jinai za bunduki kando ya viwanja vilivyotengenezwa zilishuka kwa asilimia 29. Wakazi walisema hofu imepungua na kwamba sasa hukaa nje jioni. Na penye watu waliokaa nje, mwenye nia mbaya hutafuta njia nyingine.

Mwanasosholojia Patrick Sharkey na wenzake walipima jambo hili kwa mapana, wakitazama miji 264 kwa zaidi ya miaka 20, wakatoa mwaka 2017 hesabu kwamba kila vyama kumi vya jamii vinavyoongezeka kwa watu 100,000 hushusha mauaji kwa asilimia 9. Hesabu hiyo haiwafuti polisi, wala mwandishi huyu hawafuti. Mwuaji akikamatwa, majirani huamini kwamba kusema kuna maana. Ila hesabu hiyo yaonyesha kwamba kushuka kwa jinai katika miji hiyo, ambako sifa yake hupewa maaskari pekee, kulikuwa na washirika ambao hawakupigwa picha.

Philadelphia iliona mwaka 2021 mauaji 562, ambayo hayajapata kufikiwa katika historia yake, na mwaka 2024 yakateremka hadi 269. Katika miaka hiyo ya kuteremka fedha za mji na za serikali kuu zilivifikia vyama vingi vya mitaani. Mwezi wa Aprili 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifuta ruzuku zaidi ya 360 nchini kote, nyingi zikiwa za vyama vya namna hiyo, na baadhi ya vyama hivyo vikalazimika kuwaachisha wasuluhishi wao kazi.