Kabla Hamjaniuliza Bei ya Tovuti

Simu huanza kwa adabu. "Shikamoo mama. Hapa chuoni kwetu tunataka na sisi tuingie kwenye rasilimali huria za elimu. Sasa ile tovuti yake inaweza kwenda shilingi ngapi?" Naitikia marahaba, kisha nauliza wameanza na somo gani. Kimya. Halafu: "Masomo tutaweka yote, mama. Kwanza tovuti."

Nimelijibu swali hili mpaka sauti imekauka. Leo naliandika, ili atakayepiga kesho nimtumie picha ya ukurasa huu.

Bei sina. Programu ya kuhifadhia nyaraka mnayoifikiria ipo, inaitwa DSpace, imetokana na ushirikiano wa MIT na kampuni ya Hewlett-Packard, na tangu mwaka 2002 inatolewa bila malipo. Kijana wa TEHAMA mwenye subira ataisimika. Na hapo ndipo balaa linapoanzia, maana ikishasimama chuo kinajihesabu kimefika.

Kuna chuo cha kati, jina nalihifadhi, kiliniita mwaka wa tatu baada ya uzinduzi. Nikaoneshwa picha za mgeni rasmi akikata utepe. Nikaomba kuoneshwa tovuti. Asubuhi yote ikaishia hapo, kwa sababu nywila aliondoka nayo kijana aliyepata kazi kampuni ya simu, na anwani ya tovuti ilikuwa ikilipiwa na mradi uliokwisha kufungwa. Tulipofanikiwa kuingia kwa mlango wa uani, tulikuta mafaili yasiyofika arobaini. Hotuba ya mgeni rasmi ilikuwemo, na mitihani ya zamani. Yaliyobaki yalikuwa vitabu vya wachapishaji wa Ulaya vilivyoskaniwa, na ukurasa wa pili wa kila kimoja unasema haki zote zimehifadhiwa. Chuo kilikuwa kimetoa pesa kuuanika wizi wake chini ya nembo yake.

Ng'ambo ya barabara wanafunzi walikuwa wamejaa steshenari wakitoa kopi za madesa ya mwaka juzi. Mwenye duka anajua kwa kichwa desa la somo lipi liko kompyuta gani, na mwalimu yupi kabadilisha mada muhula huu. Warsha ya rasilimali huria hajawahi kuhudhuria hata moja.

Imani inayowaponza wakuu wa vyuo ni kwamba ghala likijengwa, nafaka itakuja yenyewe. Walimu watapakia, wanafunzi watapakua. Haiji. Mwanafunzi anasoma kinachotoka kwenye mtihani, mwalimu anafundisha kilichomo kwenye mpangilio wa somo lake. Kitabu kisichotajwa humo wiki kwa wiki, wala kutungiwa swali hata moja, kwa mwanafunzi hakipo, hata seva ingekuwa ya dhahabu. Tena vitabu vyenyewe vina kwao tayari. OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, kule Texas, inatoa vitabu vya chuo tangu 2012. Leo ina fizikia, biolojia, takwimu, uhasibu, na unavipakua bila kulipa senti. Mradi wa TESSA una moduli za mafunzo ya ualimu, na toleo la Kiswahili kwa ajili ya Tanzania limo. Kuvihamishia nyumbani kwenu ni kuchimba kisima kando ya mto.

Jimbo la British Columbia, Kanada, lilipoingia kwenye jambo hili mwaka 2012 kupitia BCcampus, lilianza kwa kuhesabu vichwa: ni masomo yapi 40 yenye wanafunzi wengi zaidi? Kisha wakatafuta vitabu vilivyokwisha kuandikwa na watu wengine, wakawalipa wahadhiri kuvisoma na kuvihakiki. Mwaka 2013 chuo cha Tidewater, Virginia, kikaanzisha programu nzima ya usimamizi wa biashara ambayo mwanafunzi anaimaliza bila kununua kitabu cha kiada. Hiyo ni kazi iliyofanyika darasani, somo baada ya somo.

Kinachogharimu ni saa za mwalimu. Hili halipendwi, na ninajua kwa nini. Seva inabandikwa namba ya mali ya chuo, mkaguzi anaiona, mgeni rasmi anapigwa nayo picha. Mwalimu wa Takwimu aliyepunguziwa vipindi muhula mmoja ili aoanishe kitabu na mtaala wa NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, nani atamkatia utepe? Basi fedha inakwenda kwenye chuma, mwalimu anaambiwa ajitolee. Anajitolea mwezi mmoja.

Na tafadhali, bure na huria ni vitu viwili. PDF iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp ni ya bure kama embe la jirani lilivyo la bure usiku. Huria ni pale mwenye haki alipokupa ruhusa kwa maandishi ya kubaki nayo, kuitumia, kuirekebisha, kuichanganya na nyingine, na kuisambaza. Mgawanyo huu wa ruhusa tano ni wa Mmarekani David Wiley. Ruhusa yenyewe kwa kawaida ni leseni ya Creative Commons, herufi mbili tatu ukurasa wa mwanzo. BY: taja mwandishi, endelea na kazi. SA: toleo lako nalo libaki na leseni ileile. ND: achana na kitabu hicho kwa kazi hii, kwa sababu hamruhusiwi kusambaza toleo mlilorekebisha, na msiporekebisha mtabaki na mifano ya theluji na dola. NC ina masharti ya biashara, na hapo steshenari inaingia. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua mwaka 2018 kwamba shule ikiagiza kopi za kitabu cha NC kwenye duka la kuchapa, duka likalipwa kwa kazi yake, leseni haijavunjwa. Uamuzi huo hauifungi mahakama yetu. Anayetaka kulala usingizi achague BY.

Haya, kazi. Chukueni somo moja lenye wanafunzi wengi. Tafuteni kitabu kimoja kilichopo, msiandike. Mpunguzieni mwalimu vipindi kwa barua yenye sahihi ya mkuu wa chuo, na mpeni mkutubi mmoja wa kushughulikia leseni, kwa jina, si "kamati". Badilisheni mifano: bei ziwe za sokoni Kariakoo, mwendo uwe wa daladala. Hifadhini faili linaloweza kuhaririwa, maana PDF peke yake ni kaburi. Sura zipangwe kwenye mpangilio wa somo, maswali ya mtihani yatoke humo. Nakala safi moja mpelekeeni mwenye steshenari kwa bei mliyokubaliana. Wenye simu wapewe kupitia ruta ya maktaba isiyokula bando. Daftari la makosa liwe kwa kiongozi wa darasa. Likizo ndefu mwalimu anayasahihisha, jalada linaandikwa toleo la pili na mwaka wake. Posho yake itoke kwenye bajeti ya chuo, kifungu kilekile kinacholipa chaki na wino, isitoke kwenye mradi. Mwaka wa pili ongezeni somo la pili.

Kama kufikia hapo bado mnaitamani tovuti, mwiteni yule kijana wa TEHAMA aisimike. Nywila iandikwe kwenye karatasi, ifungiwe kabatini kwa mhasibu.