Kuyapima Makala ya Ala za Muziki katika Kamusi Elezo

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, huandikwa na yeyote apendaye. Kwa hiyo ubora wake haupimwi kwa jina la mwandishi. Tuchukue makala yahusuyo besi kubwa. Kusema kwamba ala hiyo kwa kawaida ina nyuzi nne, na kwamba sauti yake ni ya chini kuliko ya ala zote za jamii ya fidla, ni kweli, lakini hakutoshi. Makala yatajayo okestra za Ulaya, yasitaje taarab ya Unguja, ni tafsiri tu, hata sarufi yake ikiwa safi.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni ya istilahi. Tuseme mwanafunzi wa Roret ataka kuilinganisha besi hiyo na chepkong'o ya Wakipsigis, ambayo Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1950. Kamusi ikimwambia kuwa chepkong'o ni zeze, imempotosha: zeze lina mti mmoja, ilhali chepkong'o, kama nyatiti ya Wajaluo, ina mikono miwili na mti uliokingamishwa juu yake, ambao nyuzi hufungwa hapo. Kosa hili halifichuki kwa kuhesabu marejeo. Twapendekeza makala ya aina hii yasomewe wapigaji wenyewe kwanza.