Karamu ya bata mzinga na Ijumaa ya bei nafuu: Hesabu ya mama mchanga Marekani

KWA Mkenya aliye na ndugu Marekani, simu ya mwishoni mwa Novemba huleta habari zile zile kila mwaka. Bata mzinga yumo jikoni, jamaa wamejaa sebuleni, na kesho yake alfajiri watu watarauka kwenda madukani kuwania bidhaa za bei ya kutupa.

Anayesikiliza huku nyumbani huenda akashangaa ni vipi siku ya kumshukuru Mungu kwa kile ambacho mtu tayari anacho hufuatwa, hata kabla vyombo havijakauka, na siku ya kukimbilia kile ambacho hana.

Kwa mama mchanga anayeandaa karamu hiyo kwa mara ya kwanza, siku hizo mbili ni mtihani mmoja wenye karatasi mbili. Akikosea jikoni, wageni wataondoka wakiumwa na tumbo. Akikosea dukani, deni la Novemba litamwandama kwa miaka.

Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiita Thanksgiving, huadhimishwa Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Chimbuko lake husimuliwa kuwa karamu ya mavuno ya mwaka 1621 katika koloni la Plymouth, lililo sasa katika jimbo la Massachusetts.

Walowezi wapatao 50 kutoka Uingereza, waliosalia hai kati ya 102 waliowasili kwa merikebu ya Mayflower mwaka uliotangulia, walikula na kunywa kwa siku tatu pamoja na wanaume 90 hivi wa jamii ya Wampanoag.

Si kila Mmarekani anayeisherehekea. Tangu mwaka 1970, baadhi ya wenyeji asilia wa nchi hiyo hukusanyika Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza, kwa kuwa ujio wa walowezi uliwapokonya ardhi na kuwaangamiza wengi.

Sikukuu hiyo ilipata sura ya kitaifa mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vimechacha. Rais Abraham Lincoln aliitangaza baada ya Sarah Josepha Hale, aliyekuwa mhariri wa jarida la wanawake, kuipigania kwa miaka mingi.

Uhusiano wake na biashara si wa jana wala juzi. Mwaka 1939, Novemba ilipokuwa na Alhamisi tano, Rais Franklin Roosevelt aliamuru sikukuu iadhimishwe wiki moja mapema ili wenye maduka wapate siku zaidi za kuuza kabla ya Krismasi. Majimbo kadhaa yalikataa katakata, na mvutano huo ulikoma mwaka 1941 Bunge la Congress lilipopitisha sheria ya kuiweka Alhamisi ya nne.

Jikoni: Kazi huanza Jumapili

Kosa la kawaida la mpishi mgeni ni kudhani kwamba kazi ya Alhamisi hufanywa Alhamisi. Waama, siku hiyo hufuzu au kufeli siku nne kabla.

Bata mzinga wengi huuzwa wakiwa wamegandishwa mithili ya jiwe. Idara ya Kilimo ya Marekani hushauri ayeyushwe ndani ya jokofu, si juu ya meza, na huhesabu saa 24 kwa kila pauni nne au tano za uzani.

Chukua mfano wa ndege mwenye pauni 14, yaani zaidi kidogo ya kilo sita. Huyo anahitaji siku tatu hadi nne. Mama anayetaka kumpika Alhamisi asubuhi hana budi kumtoa kwenye friza Jumapili jioni.

Aliyesahau bado ana njia moja. Anaweza kumtumbukiza katika maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiopenyeza maji, kwa nusu saa kwa kila pauni, huku akibadilisha maji kila baada ya dakika 30. Kwa ndege wa pauni 14, hizo ni saa saba za kusimama kando ya sinki.

Jambo la pili ambalo huwashangaza wengi waliolelewa kuosha kuku kabla ya kumpika ni kwamba bata mzinga hapaswi kuoshwa. Matone ya maji hurusha vijidudu kwenye sinki, kwenye kachumbari na kwenye chupa ya mtoto iliyo karibu. Kinachoua vijidudu hivyo ni moto.

Moto wenyewe hupimwa, haukisiwi. Oveni isiwe chini ya nyuzi 325 za Fahrenheit, takriban 163 za Selsiasi. Nyama huwa imeiva kipimajoto kinapoonyesha nyuzi 165 za Fahrenheit, sawa na 74 za Selsiasi, katika sehemu nene ya kidari na ya paja, bila kugusa mfupa. Rangi ya ngozi si ushahidi.

Ndege wa kiasi hicho, asipojazwa kitu tumboni, huchukua saa tatu hadi saa tatu na dakika 45. Anayetaka kuandalia wageni saa tisa alasiri basi amwingize ovenini kufikia saa nne na nusu asubuhi, ili nyama ipate muda wa kutulia kabla ya kukatwa.

Hapo ndipo linapozuka tatizo ambalo halimo katika vitabu vingi vya mapishi: nyumba nyingi zina oveni moja, na bata mzinga ameikalia yote tangu asubuhi. Kwa hivyo pai za maboga huokwa Jumatano na kuwekwa jokofuni, maadamu zina mayai na maziwa. Mchuzi wa kranberi, matunda madogo mekundu yenye ukali, pia hupikwa siku hiyo.

Viazi vya kupondwa hupikwa juu ya jiko, na viazi vitamu huingizwa ovenini ndege akishatoka.

Mama mwerevu hajitwiki mzigo wote peke yake. Desturi ya Wamarekani inaruhusu kila mgeni aje na chakula chake. Mama mkwe analeta mkate, wifi analeta maharagwe mabichi, shangazi analeta saladi. Ni harambee ya chakula.

Katika nyumba za Wakenya walioko huko, si ajabu kuona pilau, chapati na sukuma wiki zikiwa bega kwa bega na bata mzinga. Wapo wanaomwacha ndege huyo kabisa wakachoma mbuzi. Kinachotunzwa ni meza ya pamoja.

Aliye na mtoto mchanga ana tahadhari zaidi. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe chakula chenye asali, hata kidogo, kwa sababu asali huweza kuwa na viini vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvidhibiti. Viazi vitamu vya karamu hii huenda vikawa vimepakwa asali.

Isitoshe, takwimu za mashirika ya kukabiliana na moto Marekani huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba hiyo ndiyo siku inayoongoza kwa mioto ya jikoni majumbani. Jiko linalowaka lisiachwe bila mtu mzima.

Wageni wakishiba, mabaki yaingie jokofuni kabla ya saa mbili kupita tangu chakula kitolewe motoni. Humo hukaa siku tatu au nne. Mifupa huchemshwa ikawa supu, na ndege mmoja akalisha familia hadi Jumapili.

Dukani: Jina lilitoka kwa polisi

Ijumaa inayofuata huitwa Ijumaa Nyeusi, Black Friday kwa Wamarekani. Wengi huambiwa kwamba jina hilo linatokana na vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara, ambavyo siku hiyo hutoka kwenye wino mwekundu wa hasara na kuingia kwenye wino mweusi wa faida.

Maelezo hayo ni matamu lakini yalitungwa baadaye, yakaenea katika miaka ya 1980. Jina lilianzia mjini Philadelphia katika miaka ya 1950 na 1960, ambako polisi walilitumia kulalamikia msongamano wa magari na watu siku hiyo, wakati ambapo wao wenyewe hawakupata mapumziko. Wenye maduka walijaribu kulibadilisha mwaka 1961 liwe Ijumaa Kubwa, ila hawakufua dafu.

Weusi wa siku hiyo ulidhihirika Novemba 28, 2008. Katika mji wa Valley Stream, jimbo la New York, umati wa watu wapatao 2,000 uliokuwa ukisubiri nje ya duka kubwa ulivunja milango kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mfanyakazi wa muda aliyekuwa mlangoni akakanyagwa hadi kufa.

Miaka michache baadaye maduka mengi yalianza kufungua milango Alhamisi yenyewe jioni, na wafanyakazi wakalazimika kuacha sahani mezani. Mtindo huo ulififia mwaka 2020 kutokana na janga la Covid-19, na maduka makubwa kadhaa yakaamua kutoufufua. Siku hizi bei za punguzo huanza mapema Novemba, na sehemu kubwa ya ununuzi hufanyiwa mtandaoni hadi Jumatatu inayofuata.

Ni vyema kuelewa jinsi bei hizo zinavyofanya kazi. Bata mzinga mwenyewe ni mfano. Wiki hiyo maduka mengi humuuza kwa hasara makusudi, kwa kuwa mteja aliyemfuata hatoki bila siagi, soda, sufuria na mishumaa. Hasara ya ndege hulipwa na vitu ambavyo havikuwa kwenye orodha.

Ndivyo ilivyo kwa televisheni inayotangazwa kwa bei ya nusu. Huenda zikawa chache mno katika duka zima, na anayefika zikiwa zimekwisha hushawishika kununua nyingine ya bei ya juu. Nyakati nyingine modeli hiyo huwa imeundwa kwa ajili ya msimu huo, ikiwa imepunguzwa uwezo. Na bei ya zamani iliyopigwa mstari huenda haikuwahi kutozwa mtu kwa muda mrefu.

Kwa hivyo wanunuzi wazoefu hufanya mambo matatu. Kwanza, huandika orodha wiki kadhaa kabla, na kando ya kila kitu huandika bei ya juu kabisa watakayokubali. Mali bila daftari huisha bila habari.

Pili, hufuatilia bei ya kitu hicho tangu Oktoba, ili wajue iwapo punguzo ni la kweli.

Tatu, huuliza masharti ya kurudisha bidhaa na kutunza risiti. Hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwenye duka Marekani kurudisha pesa kwa sababu tu mnunuzi amebadili nia.

Kwenda kama familia kuna faida yake. Mama mkwe akibaki na watoto, wifi mmoja akashika foleni ya viatu na mwingine ya blanketi, kazi huisha mapema. Lakini kuna hatari pia, kwani mtu huona haya kurudi mikono mitupu ilhali wenzake wamejaza gari.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye pochi. Riba ya kadi za mkopo Marekani imepita wastani wa asilimia 20 kwa mwaka tangu mwaka 2023. Mama aliyenunua bidhaa za dola 600 kwa kadi yenye riba ya asilimia 22, akawa analipa dola 25 kila mwezi, atahitaji takriban miezi 32 kumaliza deni, na atakuwa amelipa karibu dola 800.

Punguzo la dola 150 alilolifurahia Ijumaa litakuwa limemezwa na riba ya karibu dola 200. Wahenga walilifupisha kwa kusema kukopa harusi, kulipa matanga.

Kwa Mkenya wa huko kuna hesabu nyingine. Marekani ndiyo nchi inayoongoza kwa pesa zinazotumwa Kenya na raia walio ng'ambo, na Desemba simu za nyumbani huwa nyingi. Dola iliyobaki dukani Novemba ndiyo inayokosekana Januari, karo inapotakiwa.

Funzo hili halikomei huko. Katika mwongo wa 2010 maduka ya mtandaoni yaliileta Ijumaa Nyeusi Kenya, bila Alhamisi yake. Huku haina karamu wala shukrani, ni mauzo matupu, nayo huangukia mwisho wa mwezi mishahara inapoingia na mikopo ya simu ikiwa umbali wa kubonyeza kitufe.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu nafuu ya bei. Hata hivyo, sheria haiwezi kumzuia mtu kununua asichokihitaji.

Mama aliyemtoa bata mzinga kwenye friza Jumapili na mama aliyeandika orodha yake Oktoba wana siri moja: waliamua kabla ya moto kuwaka na kabla ya umati kukusanyika. Ijumaa jioni, mwenye orodha huenda akarudi na jozi mbili za viatu vya watoto na blanketi moja, akapasha supu ya mifupa, na kulala bila kumwogopa mtu anayebeba barua za benki.