Tundu la lenzi

Tundu la lenzi (pia: apacha) ni uwazi ndani ya lenzi ya kamera unaopitisha mwanga kwenda kwenye filamu au sensa. Hupanuliwa na kufinywa kama mboni ya jicho inavyotanuka gizani na kusinyaa juani. Ukubwa wake huamua mambo mawili kwa pamoja: kiasi cha mwanga kinachoingia na sehemu ya picha itakayoonekana wazi.

Vipimo

Katika kamera nyingi tundu huundwa na vipande vyembamba vinavyopishana ndani ya lenzi. Ukubwa wake huandikwa kwa herufi f na namba, inayopatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la milimita 25 husomeka f/2. Tundu likiwa milimita 12.5, husomeka f/4. Hivyo namba kubwa humaanisha tundu dogo.

Hatua za kawaida ni f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16 na f/22. Kila hatua mbele hupunguza mwanga kwa nusu. Mwanga hufuata eneo la duara, si kipenyo. Kipenyo kikipungua kwa nusu, eneo hubaki robo. Kwa hiyo f/4 hupitisha robo ya mwanga wa f/2.

Tundu na muda

Mwanga hudhibitiwa pia na shata, yaani kilango kinachofunguka kwa muda mfupi. Picha ya f/8 kwa sekunde 1/60 hupata mwanga ule ule wa f/5.6 kwa sekunde 1/125, au f/4 kwa sekunde 1/250. Kwenye jua kali, filamu ya ISO 100 huhitaji takriban f/16 kwa sekunde 1/100. Kivulini tundu hupanuliwa hadi f/4 hivi.

Kina cha fokasi

Tundu dogo huonyesha wazi vitu vya karibu na vya mbali. Mtu anayepiga picha ya milima ya Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, akitumia f/11 anaweza kupata shamba lililo mbele na vilele vya nyuma pamoja. Tundu kubwa huacha wazi sehemu nyembamba tu.

Mfano wa Gombe

Mwaka 1962 mpiga picha Mholanzi Hugo van Lawick alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, akitumwa na National Geographic. Jane Goodall alikuwa ameanza kuchunguza sokwe mtu huko Julai 1960, na mwaka huo huo aliwaona wakitumia vijiti na majani kuvua mchwa kichuguuni.

Sokwe hao wana manyoya meusi na hukaa sana kivulini. Katika hali hiyo tundu dogo hutoa picha ya giza, au hulazimu shata kukaa wazi muda mrefu hadi mnyama anayesogea atoke na ukungu. Tundu kubwa huongeza mwanga, lakini uso ukiwa wazi, kijiti kilicho mkononi huweza kufifia, na ndicho ushahidi unaotafutwa.

Simu za mkononi

Simu nyingi zina tundu lisilobadilika, hivyo hurekebisha muda na ISO tu. Watu wakisimama chini ya mwembe huku anga jeupe likiwa nyuma yao, nyuso hutoka nyeusi. Kugusa uso kwenye kioo huifanya simu ipime mwanga hapo.