Hakuna cha kutoa kichwani

Mosocho wananiuliza, Nyamira wananiuliza, na swali ni lile lile: "Daktari, si tumpige picha ya kichwa tuone palipoharibika, patolewe?" Anayezungumziwa mara nyingi ni binti wa miaka ishirini hivi, mwenye akili nzuri, ambaye mpenzi wake hajajibu ujumbe tangu asubuhi. Kufikia saa nane ameshamtukana, ameshamwomba msamaha, na pesa za chama zimeishia kwenye nauli ya kumfuata Kisumu. Usiku anajikata mkono. Kesho yake amevaa sweta ya mikono mirefu na jua linawaka. Hali hiyo ikijirudia miaka na miaka, katika kila uhusiano, tunaiita ugonjwa wa haiba wa bodalaini.

Picha ya CT huonyesha mfupa uliovunjika, damu iliyovuja, uvimbe. Mtu akianguka na bodaboda, akianza kupata kifafa, au tabia yake ikigeuka ghafla akiwa na miaka hamsini, apigwe leo hii. Ya binti huyu itatoka safi, na ng'ombe atakuwa ameshauzwa. Tofauti zipo, watafiti wameziona, lakini kwa mashine za aina nyingine na kwa kulinganisha wastani wa makundi. Amigdala, sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoshughulikia tishio, huamka upesi mno mtu anapohisi anaachwa, na huchelewa kutulia. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ambayo ingeuzuia mkono, huzidiwa wakati huo. Wakati huo! Akiwa ametulia, binti huyo huyo anapiga hesabu za duka bila kosa. Hakuna donge la kuondoa.

Kisha wazee wanamtaja omobari omotwe, mpasuaji wa jadi wa kichwa. Dkt. Edward Margetts, aliyefanya kazi hospitali ya akili ya Mathari miaka ya 1950, aliandika mwaka 1967 jinsi wapasuaji wa Abagusii walivyochana ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu polepole hadi tundu lipatikane, wakijihadhari na utando wa ubongo. Wagonjwa wao wengi walikuwa watu waliopigwa au walioanguka wakabaki na maumivu ya kichwa yasiyoisha. Ujuzi wa mikono ulikuwapo, na ninauheshimu. Lakini kusema hasira za binti huyu zitatoka kupitia tundu hilo ni kumhatarisha bure. Hasira si usaha. Kisu kikiteleza kwenye paji, au kidonda kikioza hadi kwenye utando, utakuwa umeijeruhi ile ile sehemu ya mbele inayomsaidia kujizuia, na jeraha la hapo humfanya hata mtu mpole awe wa papara, mwenye matusi, asiyejali kesho. Utakuwa umemzidishia alichokuja kupunguziwa.

Na msiseme hayo ni ya kijijini tu. Mwaka 1935, Lisbon, Egas Moniz alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kuwatuliza wagonjwa, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Wengi walibaki wazito, bila hamu ya lolote, na hospitali zikauacha.

Sasa ya kufanya. Nendeni kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Ulizeni tiba ya DBT, iliyobuniwa na Marsha Linehan wa Marekani: mgonjwa hufundishwa kutambua hisia ikipanda, kuahirisha tendo, kuzamisha uso kwenye maji baridi (asiwe na ugonjwa wa moyo), kuomba anachotaka bila vitisho. Mkikosa DBT, mshauri nasaha mmoja, kila wiki, bila kubadilisha. Kidonge cha bodalaini hakipo. Dawa hutibu sonona au hofu inayoambatana nayo. Acheni kumtishia kumfukuza. Subira ina faida: Mary Zanarini na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 290 kwa miaka kumi, na zaidi ya tisa katika kila kumi walipata nafuu iliyodumu angalau miaka miwili.

Na kwa kuwa anayejikata anaweza pia kujaribu kujiua, dawa ya kunyunyizia mimea na ile ya kuogeshea ng'ombe zifungiwe kwa kufuli. Akimeza kitu, hospitali mara moja, wala msiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Bebeni chupa au pakiti yenyewe, na mseme alimeza saa ngapi.